Kobe wa Miguu Mitatu

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya nembo, si kwa ajili ya maisha yangu. Ligi inaanza Jumamosi, na mwaka huu nimeamua kuandika maoni yangu kuhusu kila timu, nembo yake, jezi zake, mpaka soksi. Nikiyasema kwa mdomo watu huniambia nina maringo. Mimi nachapa jezi. Duka langu ni chumba kimoja chenye mashine ya joto, meza ya kukatia na rafu ya vitambaa, na nusu ya timu za ligi hii zimepita mikononi mwangu. Nina haki ya kusema.

Basi nianze. Chui: aliyewachorea hajawahi kumwona chui, amechora paka aliyemwagiwa maji. Nyuki: nyuki wao ana miguu ya mende, na njano yao ni ya mtu anayeumwa ini. Chuma: gurudumu la meno, lakini meno hayalingani, lisingezunguka hata kwa kusukumwa. Simba wako wawili katika ligi moja, na wote wanapiga miayo.

Na sisi. Sisi ni Kobe. Hebu fikiria, timu ya mpira inayokwenda mbio chini ya kobe! Kifuani mwa jezi ya rangi ya damu ya mzee amekaa kobe mwenye mpira mgongoni na miguu mitatu. Mchoraji wa zamani hizo alisahau mguu mmoja, au alichoka. Namchukia kobe huyo tangu utotoni, na wiki hii hatimaye anazikwa. Mwenyekiti mpya wa klabu anafanya biashara ya mabango ya barabarani, kwa hiyo watu wanamwita Bwana Mabango. Ameleta nembo ya tai na rangi mpya, samawati na nyeusi, na kazi ya kuchapa amenipa mimi. Tai mwenyewe ni safi. Ana mistari michache na bawa moja tu, na unamtambua hata ukiwa upande wa pili wa uwanja. Nilipomwona nilipiga makofi mbele ya mwenyekiti.

Baba bado hajui. Sijui kama kuna njia ya kumjulisha.

Jumatano, 5 Machi

Mama Sabuni alikuja dukani. Ndiye anayefua jezi za klabu tangu mimi ni mtoto, na mikono yake inanuka sabuni hata siku za mapumziko. Aliiangalia jezi mpya iliyokuwa mezani, akaigeuza ndani nje kama anayetafuta chawa.

"Mwanangu, huyu ndege ni wa nini?"

"Ni nembo mpya, mama. Ya kisasa."

"Nimeambiwa zile za zamani nizifanye matambara ya kudekia choo cha wachezaji. Umesikia hilo?"

Nikamwambia dunia inakwenda. Alinitazama kama doa lisilotaka kutoka, akaondoka bila kuaga. Wazee wa klabu hii wote wako hivyo. Wanapenda kitu kwa sababu kimekaa, si kwa sababu ni kizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza jezi zote. Mvua ya kwanza imenyesha na bati la duka linavuja pale pale pa mwaka jana.

Ngoja niseme kwa nini namchukia kobe, nisionekane mwenda wazimu. Baba alikuwa beki wa timu hii, namba nne. Kila Jumamosi mama alinituma nimpelekee maji, nami nilisimama kwenye uzio, pale kwenye kona, na chupa mkononi. Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Baba hakugeuka hata siku moja. Alikuwa na wachezaji wenzake, alikuwa na mashabiki, mimi nilikuwa na mgongo wake. Namba nne nyeupe juu ya damu ya mzee, hiyo ndiyo sura ya baba niliyokua nayo.

Sasa amezeeka, mama hayupo, na kichwa chake kinamtoka. Daktari alisema ubongo unasinyaa na hakuna dawa ya kuurudisha. Siku za wiki hajui choo kilipo. Jumamosi ndiyo siku yake. Nikimpeleka uwanjani na timu ikatoka, anakaa wima, anawaita wachezaji kwa namba zao, anapiga kelele "Funga mlango!" mpaka sauti inakauka. Ni kelele yake ya zamani ya kuwapanga mabeki. Na tukirudi nyumbani, jioni hiyo yote ananijua. Ananiita mama, kama alivyoniita tangu nilipozaliwa. "Mama, umekula?" Kwa saa chache nina baba.

Kwa hiyo Jumamosi naisubiri kuliko yeye.

Jumamosi, 8 Machi

Tumefungwa mbili bila. Hilo si kitu.

Baba alivaa mwenyewe, akafunga kamba za viatu mwenyewe. Tulikaa mahali petu, safu ya tatu, upande wa kona. Timu ilitoka na samawati yake, tai wanang'aa, hata maadui walisema "aah". Moyo wangu ulijaa. Nikamgeukia baba.

Alikuwa anaangalia mlango wa vyumba vya wachezaji.

"Baba, hao wametoka."

"Hao wageni. Timu haijatoka."

Mpira ukaanza. Akawa anauangalia kwa heshima, kama mtu aliyekaa kwenye harusi ya jirani asiyemjua. Mapumziko akaniuliza tena, timu inatoka lini. Kipindi cha pili akasogea mpaka ukingo wa benchi, mikono juu ya magoti, macho kwenye mlango ule ule. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakatoka, wafagiaji wakaingia. Akakataa kuinuka.

"Tutaondokaje na mechi haijaanza?"

Nilimvuta mkono. Nilimvuta kwa nguvu, naandika nilivyofanya. Jioni aliniita dada.

Jumamosi, 15 Machi

Sare. Timu haijatoka. "Dada, nisaidie maji," baba alisema.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua mfululizo. Tumefungwa. Timu haijatoka.

Nilimwonyesha wachezaji mmoja mmoja. Huyu kipa ni yule yule wa mwaka jana, baba, yule mrefu uliyekuwa unamwita Mlingoti. Akamwangalia, akatikisa kichwa kwa upole, kama anayemsamehe mtoto kwa uongo mdogo.

Jumanne, 25 Machi

Aibu ya kazi. Tai wa jezi za samawati wamebadilika rangi. Nilizidisha joto la mashine, rangi ya kitambaa ikapanda juu ya plastiki nyeupe ya nembo, na baada ya kufuliwa mara mbili tu tai wote wana ubuluu kama midomo ya mtu aliyepigwa na baridi. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Siku ile nilikuwa nakimbia huku na huko, baba alikuwa amewasha jiko na kuliacha.

Mashabiki wanasema tai ana homa, ndiyo maana tunafungwa. Bwana Mabango alinipigia simu.

"Dada, hiyo ni sura ya klabu. Sura!"

"Najua, mwenyekiti."

"Hizo nyeupe za ugenini ukiziharibu, tutaachana."

Jumamosi, 5 Aprili

Leo hakuuliza timu inatoka lini. Alikaa tu, akaangalia mikono yake mechi nzima. Hakuna kilichonitisha msimu huu kama kunyamaza kule. Kuuliza kulikuwa kusubiri, na sasa hasubiri tena.

Nyumbani hakula. Nilimlisha kijiko kwa kijiko, chakula kikakaa shavuni. Nikamwomba. Nikamfokea. Nikamwomba tena.

Jumapili, 13 Aprili

Jana sikuandika, sikuwa na mikono ya kuandikia.

Mvua ilikuwa kubwa mno nikaona tusiende uwanjani. Nilimwacha kitini nikaingia jikoni. Niliporudi mlango ulikuwa wazi na kiatu kimoja kimebaki kizingitini.

Nilikimbia barabara zote. Niliuliza fundi viatu, niliuliza wauza magazeti, nilichungulia mitaro iliyojaa maji na kila nilipochungulia nilikuwa nimekwisha kufa mara moja. Nilifika uwanjani, mechi imeahirishwa, hakuna mtu. Nikarudi kwa njia kuu nikilia kwa sauti, na watu wakinipisha.

Nilimkuta kituo cha mafuta. Amekaa juu ya kreti, ameloa chapachapa, mguu mmoja mtupu, koti la mtu mwingine mabegani. Vijana wanaojaza mafuta walikuwa wakishughulika na magari, na kila mmoja wao alivaa sare ya kituo: shati la damu ya mzee. Baba alikuwa akiwapungia mikono.

"Funga mlango! Wewe namba mbili, rudi, rudi, unaacha mlango wazi!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu msimu uanze. Mmoja wa wale wahudumu akaniambia, "Huyu mzee anatupanga tangu saa nane, dada, na tumemtii." Wakacheka, si kwa kumcheka. Nikapiga magoti kwenye maji ya mafuta nikamshika miguu. Akanitazama. Akaniita mama.

"Mama, mbona umeloa?"

Halafu tukaondoka, sare zile zikabaki nyuma, na kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameniuliza kwa adabu mimi ni mke wa nani.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimempigia kaka yangu simu, sikuwa na ujanja wa kumficha. Anaishi mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, ana mke na watoto wakubwa na nyumba yenye watu mchana wote.

"Mdogo wangu, hili limekushinda."

"Halijanishinda."

"Amepotea kwenye mvua kubwa akiwa na kiatu kimoja. Unataka mpaka limshinde nani? Namchukua."

Nilibishana, nikalia, nikamkumbusha ya utotoni, nikavaa miwani ya mbao kabisa. Mwisho tukakubaliana ligi iishe kwanza. Mechi ya mwisho ni tarehe thelathini na moja Mei. Kaka atakuja siku hiyo, na kesho yake wataondoka.

Kaka hana ubaya, ndilo linaloniuma zaidi. Akimchukua leo, anamchukua mtu asiyejua kuwa amewahi kuwa na binti. Nataka anijue kwanza. Jioni moja tu. Aniite mama, nimuage akiwa yeye.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemshonea jezi ya zamani. Damu ya mzee, kola nyeupe, namba nne mgongoni. Nembo nilimchora kobe mwenyewe, mimi niliyemtukana ukurasa wa kwanza, na nikamchora vizuri, gamba limepangika, mpira umekaa. Nilijisifu kimoyomoyo.

Baba akaipokea. Akapitisha kidole juu ya kobe taratibu, akarudia. Akanirudishia.

"Huyu si wetu."

Nilikaa chini nikaitazama ile nembo kama mjinga. Nilikuwa nimempa kobe miguu minne. Mkono wangu ulimsahihisha bila kuniuliza.

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda kwa Mama Sabuni kuomba jezi moja ya zamani ninakili nembo. Nilijua nimekwenda kwa mtu niliyemdharau. Alinikalisha uani kati ya kamba za nguo, akanisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea kukamua. Kisha akaingia ndani akatoka na gunia.

Zote zilikuwemo. Seti nzima, zimepigwa pasi, zimekunjwa kola juu ya kola.

"Niliwaambia nimezifanya matambara. Nani aliuliza aone?"

"Mama, kwa nini ulizificha?"

"Nimefua mashati haya miaka yote hii, mwanangu. Namjua kila mtu alivyotoa jasho. Baba yako alikuwa akichafua upande wa kushoto, alipenda kuangukia kushoto."

Sikuwa najua kwamba baba aliangukia kushoto. Niliondoka na jezi moja chini ya mkono na uso chini.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemchora kobe wa miguu mitatu. Ni kazi ngumu kuliko tai. Mguu uliokosekana ndio unaomfanya aegemee mbele, kama anayekimbia na ule mpira mgongoni, shingo ndefu mbele. Ukimwongeza mguu anakaa tu. Ama mchoraji alijua, ama alibahatisha. Kwa vyovyote nilikuwa nimekosea kuhusu nembo hii tangu utotoni, na mimi ndiye mwenye jicho.

Baba alipitisha kidole. Akaikumbatia. Nikamwambia avae.

"Nitaivaa timu ikitoka," akasema, akaiweka chini ya mto.

Jumamosi, 3 Mei

Tumefungwa tatu. Alikwenda na jezi ndani ya mfuko wa karatasi, akarudi nayo ndani ya mfuko. Hakuifungua.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua. Tumefungwa ugenini, sikuwepo. Jezi nyeupe zimenifia. Safari hii niliogopa kuzidisha joto nikalipunguza mno, na tai wakabanduka katikati ya mechi. Kipa alimaliza na bawa likining'inia kifuani. Bwana Mabango amezirudisha zote dukani kwa matusi nisiyoweza kuyaandika. Yako sahihi, matusi hayo. Mimi sasa ni fundi wa nini?

Jumatano, 14 Mei

Nilimfuata mwenyekiti ofisini kwake. Nilimwomba mechi moja tu, ya mwisho, timu imvae kobe tena. Nilimweleza habari za baba, sikubakiza kitu. Ofisi yake ina picha za tai kuta tatu. Alinisikiliza vizuri, hata alinisogezea kiti.

"Pole sana kwa mzee. Lakini dada, nimehangaika msimu mzima watu wamzoee tai. Nikimrudisha kobe hata siku moja, nimekwisha. Wewe mwenyewe ulinipigia makofi."

Ni kweli. Na mtu mwenyewe si mkatili, anataka tu kitu chake kishike, kama mimi na plastiki yangu.

Jumatatu, 19 Mei

Baba ana wiki hajasema neno. Anatazama ukuta. Nimemwita kwa majina yote niliyowahi kumwita.

Jumatano, 21 Mei

Meneja wa Chuma amekuja. Wao ndio tutakaomaliza nao msimu, tena kwetu. Jezi zao za kijivu zimechakaa na wamepata mdhamini, wanataka seti mpya haraka.

"Rangi ipi?" nikamuuliza.

"Yoyote nyepesi, mradi iwahi."

Kitambaa cha kijivu kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, kimejaa tele. Nilisimama nikakikinga kwa mgongo, asikione.

"Ipo samawati tu."

"Samawati si yenu?"

"Yetu ina nyeusi begani. Zenu hazitakuwa na nyeusi."

Akakubali, ana mambo mengi. Alipotoka nilikaa juu ya kigoda. Katika ligi yetu rangi zikigongana mwenyeji ndiye anayebadilisha, kwa sababu mgeni hana kabati. Jezi za akiba za klabu ni zile nyeupe, na nyeupe ziko kwangu, tai wake wamelala mezani. Nikichelewa kuzibandika, kabati la klabu halina kitu. Lina gunia la Mama Sabuni tu.

Ni hila. Nikigundulika, hakuna timu itakayoniletea hata soksi. Nimelifikiria hilo nikaona haliniumi. Nimefika mwisho wa akili zangu.

Jumanne, 27 Mei

Nimemaliza za Chuma. Gurudumu lao nimelinyoosha meno, wasijue. Angalau walipate hilo kwangu.

Ijumaa, 30 Mei

Mama Sabuni amepitia dukani. Nilimwambia yote.

"Gunia zito," akasema. "Nitakuja mapema."

Baba amekataa kuamka leo. Kama kesho hatainuka, nimefanya yote haya kwa ajili ya nani?

Jumamosi, 31 Mei

Nitaandika kwa utaratibu maana nikikimbia nitaacha kitu.

Baba hakuinuka. Kaka alifika asubuhi kwa basi la usiku, akamkuta hivyo, akaniangalia, hakusema "nilikwambia" ingawa alikuwa na haki. Tulimvalisha wawili, kaka akambeba mgongoni mpaka uwanjani. Mfuko wenye jezi niliubeba mimi, na chupa ya maji. Mvua ilikuwa imekata ila uwanja ulikuwa tope. Tukamkalisha safu ya tatu, kichwa kikaangukia begani kwa kaka.

Chuma wakatoka kupasha misuli. Sisi tukatoka. Uwanja mzima samawati. Watu wakaanza kucheka. Refa akaziangalia timu mbili, akaita manahodha, akaonyesha kwa kidole: mwenyeji abadilishe. Bwana Mabango akashuka jukwaani mbio, viatu vyake vyeupe kwenye tope.

"Nyeupe ziko wapi? Dada, nyeupe!"

"Hazijashika, mwenyekiti. Zitabanduka kabla ya mapumziko."

Alinitazama. Akazitazama jezi za Chuma, akanitazama tena, na nikaona ameelewa kila kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuinamisha macho.

"Umenimaliza," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Nisamehe."

Refa akapiga filimbi, hana siku nzima. Mama Sabuni alikuwa amekaa mlangoni juu ya gunia lake.

Wakaingia ndani. Tukasubiri. Nilichuchumaa mbele ya baba nikamshika mashavu, nikamwambia baba tazama mlango, tafadhali, tazama mara moja tu. Macho yake yalikuwa yamepita juu yangu.

Kwanza niliwasikia watu. Haikuwa shangwe, ilikuwa kama pumzi ya watu wote kwa pamoja, halafu jukwaa likasimama. Damu ya mzee ilikuwa inatoka mlangoni, mmoja nyuma ya mwingine, kola nyeupe, kobe kifuani. Mzee mmoja nyuma yetu akaanza kulia waziwazi.

Baba akainua kichwa begani kwa kaka.

"Imetoka," akasema.

Akanyoosha mkono, nikampa mfuko. Akavaa jezi juu ya shati. Kaka akamsaidia mkono wa kushoto. Kisha akakaa wima, na Mlingoti alipogusa mpira wa kwanza nikaisikia ile sauti.

"Funga mlango! Namba mbili, rudi! Funga!"

Kaka alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Mimi nilikaa pembeni ya baba kipindi chote cha kwanza nikisubiri ageuke aniite mama. Nilikuwa nimejiandalia la kujibu. Nitasema nimekula, baba. Nitasema sijaloa.

Mapumziko akageuka. Macho yalikuwa yake, makali, yana mtu ndani. Akanitazama usoni.

"Dada, samahani," akasema. "Wewe unakaa karibu na hapa?"

Timu ilikuwa imetoka, baba alikuwa ametoka, na alikuwa ametokea mahali ambapo mimi sijawa mtu mzima. Nikasema ndiyo, nakaa karibu.

"Nakuomba kitu. Napumzika kidogo, kipindi cha pili naingia, sitapata nafasi. Nina binti yangu, mdogo. Husimama pale kwenye kona, kwenye uzio, na chupa ya maji. Anapunga mkono mpaka nahisi utakatika." Akacheka kidogo. "Simpungii. Nikimtazama tu miguu inalegea, nataka kwenda kumbeba, na mimi nikitoka pale mlango unabaki wazi. Basi najifanya sioni."

"Anadhani humwoni," nikasema.

"Ndiyo ninachokuomba. Ukipita pale mwambie namwona. Kila Jumamosi namwona. Mwambie asikae sana juani."

"Nitamwambia."

"Ahsante, dada."

Wachezaji wakarudi, naye akageukia uwanja. Niliinuka. Nilichukua chupa ya maji, nikashuka safu zile, nikazunguka tope mpaka kwenye kona, nikashika uzio. Nilisimama pale kipindi chote cha pili. Nilipunga mkono, mwanamke mzima, watu wananitazama. Kutoka pale nilimwona vizuri, amekaa wima kando ya kaka, macho mbele, anapanga mabeki.

Hakugeuka.

Sijui tulimaliza ngapi kwa ngapi.

Jumapili, 1 Juni

Wameondoka. Bwana Mabango amenitumia ujumbe kwamba kazi ya klabu nisiihesabu tena, na meneja wa Chuma naye amesikia. Duka sijafungua.

Baba alilala na jezi na amesafiri nayo. Asubuhi alikuwa ameshanyamaza, macho yamerudi ukutani. Kaka alimfunga viatu, akanikumbatia kwa muda mrefu pale kituo cha basi.

"Nitakupigia wewe kwanza kuliko mtu yeyote," akaniambia, "akisema lolote."

Wakapanda. Baba alikaa dirishani, upande wangu. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji bila kujua kwa nini. Basi lilipoanza kwenda nikatembea nalo, halafu nikakimbia, nikapunga mkono, na yeye akatazama mbele tu, shingo imenyooka. Kwenye mwendo wa basi niliiona namba nne kidogo pale aliposogea kuegemea, kisha kiti kikaifunika.

Niliendelea kupunga mpaka basi likakata kona. Bega linaniuma hata sasa ninapoandika.